Mwanamke aliyeketi kati ya chui wawili: je, alikuwa Mungu Mama?

Mwalimu mmoja wa historia, anayefundisha sekondari huko Korogwe, ameniandikia kuhusu picha aliyoikuta katika zana zake za kufundishia. Ni picha ya sanamu ndogo ya udongo ya mwanamke mnene asiye na nguo, aliyeketi kitini huku mikono yake ikikaa juu ya vichwa vya chui wawili. Maelezo yaliyo chini ya picha yanasema kwamba huyo ndiye Mungu Mama wa watu wa Çatalhöyük, kwamba watu wote wa Zama Mpya za Mawe, yaani zama za wakulima wa kwanza, walimwabudu, na kwamba kwa sababu hiyo jamii zao zilitawaliwa na wanawake. Mwalimu anauliza kama awafundishe wanafunzi wake hivyo. Anaongeza swali walilomuuliza wanafunzi wenyewe: kwa nini sanamu nyingi za namna hii hupatikana zikiwa hazina vichwa?

Ahsante sana, Mwalimu, na unifikishie shukrani kwa wanafunzi wako, kwa sababu swali lao la vichwa ni zito kuliko wanavyodhani. Usiwafundishe maelezo hayo kama jambo lililothibitishwa. Sanamu yenyewe ni ya kweli na ni ya thamani kubwa. Kilichotiwa chumvi ni hadithi iliyojengwa juu yake, na hadithi hiyo ilijengwa kwa kukimbilia maana ya kitu kabla ya kukitazama kitu chenyewe na mahali kilipookotwa. Kwa hiyo nami nitaanza na kitu chenyewe.

Sanamu hiyo ilipatikana mwaka 1961 katika kilima cha Çatalhöyük, jina ambalo hutamkwa kama Chatalhoyuk, katika uwanda wa Konya nchini Uturuki. Aliyeipata ni James Mellaart, mwanaakiolojia wa Kiingereza, na leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia mjini Ankara. Imefinyangwa kwa udongo ukachomwa, na urefu wake pasipo kichwa ni takriban sentimita 12 tu, kwa hiyo ingeweza kukaa katika kiganja cha mtu mzima. Picha za vitabuni huwafanya wengi waidhanie kuwa ni sanamu kubwa ya hekaluni, na hapo ndipo upotofu wa kwanza unapoingia. Matiti yake yameshuka, tumbo limekunjamana na kuning'inia juu ya mapaja, na kati ya nyayo kuna kitu cha mviringo ambacho Mellaart alikifasiri kuwa ni kichwa cha mtoto anayezaliwa. Kichwa cha mwanamke unachokiona pichani hakikupatikana kamwe. Kimetengenezwa na mafundi wa siku zetu wakati wa kuikarabati sanamu, na vivyo hivyo kichwa cha mmoja wa wale chui. Uso ule mtulivu unaowavutia watu wengi, wakasema kwamba ni uso wa mungu, ni kazi ya karne ya ishirini.

Kilima ilimotoka si kilima cha asili. Ni nyumba juu ya nyumba, tabaka 18 za matofali mabichi, zilizojengwa, zikabomolewa na kujengwa tena tangu takriban mwaka 7100 KK hadi karibu na mwaka 5950 KK, mpaka lundo lake likainuka kiasi cha mita 20 juu ya uwanda na kuenea katika eneo la hekta 13 hivi. Nyumba zilibanana bila vichochoro. Watu walitembea juu ya mapaa bapa, wakaingia majumbani mwao kwa ngazi kupitia tundu la paa, na usiku walilala juu ya wafu wao, kwa maana marehemu walizikwa chini ya majukwaa yale yale ya udongo yaliyotumika kwa kukalia na kulalia. Walilima ngano na shayiri, walifuga kondoo na mbuzi, na waliwinda ng'ombe mwitu ambao pembe zao walizipachika kutani. Mwaka 2012 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ninaamini kuwa unastahili kila heshima unayopewa.

Mellaart alichimba hapo kati ya mwaka 1961 na 1965, na sanamu yetu aliikuta ndani ya kihenge cha nafaka. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mwanamke mwenye mwili wa uzazi amewekwa ndani ya ghala la chakula, na wanyama wakali wametulia chini ya mikono yake kama mbwa wa nyumbani. Akaona kwamba huyo ndiye mwenye mamlaka juu ya uzazi, mavuno na wanyama, na mwenye mamlaka hayo hawezi kuwa binadamu wa kawaida. Lakini wazo hilo alikuwa nalo mfukoni kabla hajashika jembe. Tangu mwaka 1861, pale mwanasheria wa Uswisi Johann Jakob Bachofen alipodai kwamba jamii zote za binadamu zilianza kwa kutawaliwa na akina mama, wasomi wa Ulaya walikuwa wakitafuta ushahidi wa zama hizo, na kila sanamu ya mwanamke iliyotoka ardhini iliitwa kutoa ushahidi huo.

Aliyelifikisha wazo hilo kileleni ni Marija Gimbutas, mzaliwa wa Lithuania aliyefundisha chuo kikuu huko Los Angeles. Kuanzia miaka ya 1970 alieleza kwamba wakulima wa kwanza wa kusini-mashariki mwa Ulaya walikuwa na dini moja ya Mungu Mke, waliishi kwa amani na usawa, kisha wakavamiwa na wafugaji wapanda farasi kutoka nyika za mashariki waliokuja na miungu yao ya kiume. Sipendezwi na namna baadhi ya wenzangu wanavyomdharau mama huyu. Alizijua sanamu hizo kwa kuzishika kwa mikono yake, alisoma lugha ambazo wengi wetu hatuzisomi, na kuhusu wahamaji kutoka nyikani uchunguzi wa vinasaba vya kale uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kweli watu wengi walihamia Ulaya kutoka huko katika milenia ya tatu KK. Alipokosea ni pale alipozisoma sanamu za nchi nyingi na za milenia kadhaa kana kwamba ni kurasa za kitabu kimoja, akiwa amekwisha kuamua mwandishi wake ni nani.

Turudi Çatalhöyük, kwa sababu hapo ndipo hadithi ilipopimwa kwa uangalifu kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1993 uchimbuzi ulianza upya chini ya uongozi wa mwanaakiolojia Ian Hodder na ukaendelea kwa robo karne. Safari hii udongo ulichekechwa, na kila kipande, hata pembe ya ng'ombe wa udongo yenye ukubwa wa kidole gumba, kiliandikiwa mahali kilipotoka. Lynn Meskell na Carolyn Nakamura, waliosimamia uchunguzi wa sanamu hizo, walipata picha tofauti kabisa na ile ya kitabuni. Kati ya sanamu na vipande karibu 2,000, sanamu za wanawake zilizo wazi hazifiki asilimia 5. Zilizo nyingi ni wanyama wa miguu minne, yaani ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe mwitu, pamoja na pembe tupu zisizo na mnyama wake. Nyingine ni watu wasio na jinsia yoyote inayotambulika: donge fupi la udongo lenye umbo la koni, likabinywa kidogo kwa vidole ili litoe pua, basi. Tena wanawake wanene hujitokeza zaidi katika tabaka za juu, baada ya takriban mwaka 6500 KK. Vizazi vingi viliishi, vikazaa na kuzikana katika mji ule kabla sanamu za namna hiyo hazijawa jambo la kawaida. Kama huyo alikuwa ndiye mungu wa mji, basi babu na bibi wa babu zao walikaa karne nyingi bila kumfinyanga.

Mahali zilipookotwa ni muhimu kuliko hata hesabu. Sehemu kubwa ilitoka majalalani, kati ya majivu, mifupa iliyotafunwa na mabaki ya chakula, au katika kifusi kilichotumika kujazia nyumba iliyoachwa. Ni chache mno zilizowekwa makaburini. Na ukizitazama zilivyotengenezwa unaona haraka: mtu amechukua donge la udongo, ameliviringisha kiganjani, amevuta miguu minne, amebinya pembe, na kazi imekwisha ndani ya dakika chache. Nyingi hazikuchomwa sawasawa, na baadhi hazikuchomwa kabisa. Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Watu wa Çatalhöyük waliowafinyanga ng'ombe wao asubuhi na kuwatupa jalalani jioni hawakuonekana kutishwa nao.

Wala haina maana kwamba zote ni vitu vya kuchezea. Ni kweli kwamba mtu yeyote aliyekulia kwa wafugaji wa Afrika Mashariki amewaona watoto wachungaji wakifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya maji, na ukimpa mtoto kama huyo picha ya ng'ombe wa Çatalhöyük atawatambua mara moja. Lakini katika 'Ain Ghazal, pembezoni mwa mji wa Amman nchini Jordan, katika kijiji cha wakulima wa zama hizo hizo za mwanzo, walipatikana ng'ombe wawili wadogo wa udongo waliofukiwa shimoni chini ya sakafu ya nyumba. Miilini mwao vilikuwa vimechomekwa vipande vyembamba vya jiwe la gumegume, na vilichomekwa wakati udongo ungali mbichi. Mtu aliwafinyanga wanyama wale, akawachoma kama achomavyo mwindaji, kisha akawazika ndani ya nyumba yake. Huo si mchezo wa mtoto. Kwa hiyo hata ng'ombe wawili waliofanana umbo huenda mmoja akawa wa mchezo na mwingine wa kafara, na kinachowatenganisha ni matendo waliyotendewa, ambayo umbo pekee haliwezi kuyaonyesha.

Hoja hiyo ilianza kusemwa kwa ukali unaostahili katika miaka ya 1960, na hapa, Mwalimu, ndipo swali lako linaporudi nyumbani kwako. Mwanaakiolojia wa Kiingereza Peter Ucko alikuwa akichunguza sanamu za watu za Misri ya kabla ya Mafarao na za kisiwa cha Krete. Alikataa kuanza na jina la mungu. Alitaka kwanza ajibiwe maswali ya kawaida: sanamu ni ya mwanamke, ya mwanamume, au haina jinsia? Imetengenezwa kwa kitu gani? Ilikuwa wapi ilipopatikana, kaburini, nyumbani au jalalani? Imevunjika vipi? Kisha akatafuta watu walio hai ambao bado walifinyanga sanamu ndogo, ili aone zinaweza kuwa na kazi gani nyingine zaidi ya kuabudiwa. Miongoni mwa mashahidi wake walikuwa watu wa Tanganyika.

Ushahidi huo ulikusanywa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni, ambaye mwaka 1956 alichapisha uchunguzi wake kuhusu sanamu za udongo zilizotumika katika jando na unyago miongoni mwa Wasambaa, Wazigua na majirani zao, yaani katika milima na mabonde unayoyaona ukitoka nje ya darasa lako. Kulikuwa na sanamu za wanawake wenye mimba, za wanaume, za wanyama, za vyombo vya nyumbani. Mgeni angeziona angesema bila kusita kwamba ni miungu ya uzazi. Wala hazikuwa miungu. Kila moja ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ndio uliobeba fundisho: namna ya kuishi na mwenzako, heshima kwa wakwe, hatari ya uzinzi, wajibu wa mzazi. Sanamu ilikuwa kishikizo cha kumbukumbu, na bila kungwi wa kuuimba wimbo ilibaki bonge la udongo. Wazaramo nao walikuwa na mwana hiti, umbo dogo la mti ambalo mwali alilitunza kama mtoto alipokuwa ndani, na huyo pia hakuwa mungu wa mtu yeyote.

Naomba nisieleweke vibaya. Sidai kwamba watu wa Çatalhöyük walikuwa na unyago. Kati yao na Wazigua kuna miaka elfu nane na bahari nzima, na ningekuwa narudia kosa lile lile la Gimbutas kwa nguo nyingine. Kinachothibitishwa na sanamu za Usambara ni kitu kidogo lakini kigumu kukivunja: mwili wa mwanamke uliofinyangwa kwa udongo, hata uwe na tumbo na matiti makubwa kiasi gani, hautoshi peke yake kuonyesha ibada. Mwanaakiolojia ambaye angezifukua sanamu za Cory baada ya miaka elfu tatu angepata udongo wote na asipate hata ubeti mmoja. Ninapowafundisha vijana jambo hili, mfano wa kwetu huwaingia kuliko mfano wowote wa Ulaya, na kwako, uliye karibu na wenyewe, utaingia zaidi.

Ukizitembelea sanamu za nchi nyingine za zama hizo utaona jinsi ilivyo vigumu kuzifunga zote katika dini moja. Pale pale 'Ain Ghazal, mbali na ng'ombe wadogo niliowataja, mwaka 1983 na tena mwaka 1985 yalipatikana mashimo mawili yenye sanamu kubwa za chokaa, nyingine zikikaribia urefu wa mita moja. Hizo kweli zilikuwa kazi ya watu wengi. Matete yalifungwa kwa kamba yakawa kama kiunzi cha mifupa, juu yake ikapakwa plasta ya chokaa, na kuichoma chokaa ya kutosha huhitaji kuni nyingi na moto mkali. Macho yamezungushiwa lami nyeusi, makubwa, yanakukodolea. Matete yenyewe yaliyooza zamani yameacha alama zake ndani ya plasta, na ndiyo maana tunajua sanamu zilivyojengwa. Chache zina kiwiliwili kimoja na vichwa viwili. Kijiji kile kile, basi, kilikuwa na vitu vya kiganjani vilivyotupwa ovyo na vitu vikubwa vilivyozikwa kwa heshima, wala jinsia haisisitizwi sana katika hivi vya pili. Kama kuna mahali ambapo ningekubali haraka neno ibada ni hapo, na bado siwezi kusema kwamba aliyeabudiwa ni mama.

Huko Romania, katika kilima cha Poduri, mwaka 1981 kilipatikana chungu chenye visanamu 21 vya wanawake, vikubwa na vidogo, pamoja na viti 13 vya udongo vya kuvikalisha. Ni kazi ya watu wa utamaduni wa Cucuteni, wa milenia ya tano KK. Wengine wameuita mkutano wa miungu wa kike. Mimi naona seti iliyokusudiwa kupangwa na kupangwa upya, kila mara mtu akiamua nani aketi na nani asimame, na mchezo kama huo waweza kuwa wa ibada, wa mafunzo au wa kusimulia hadithi. Huko Thesalia nchini Ugiriki, katika kilima cha Platia Magoula Zarkou, kilipatikana kijumba cha udongo kisicho na paa kilichofukiwa chini ya sakafu ya nyumba halisi, na ndani yake mlikuwa na visanamu vinane, wakubwa kwa wadogo, kama familia ya vizazi kadhaa iliyojikusanya. Huko Cernavodă, kando ya mto Danube, mwaka 1956 sanamu mbili zilitoka katika makaburi ya watu wa utamaduni wa Hamangia: mwanamke aliyeketi chini, na mwanamume aliyeketi kigodani, viwiko magotini na mikono mashavuni, kana kwamba anawaza. Yule mwanamume ana urefu wa sentimita 11.5 na ni mzuri wa kutoa machozi. Wafinyanzi wa Vinča, karibu na Belgrade, waliwapa watu wao nyuso za pembetatu zinazofanana na barakoa. Nyumba, kaburi, chungu, jalala: kila jamii iliweka sanamu zake mahali pake na kwa sababu zake.

Kabla sijasahau, katika zana zako huenda ikawemo pia sanamu ya Willendorf ya nchini Austria, yule mwanamke mnene wa jiwe mwenye kichwa kilichofunikwa kwa mistari ya duara. Huyo usimweke katika somo hili. Alichongwa na wawindaji takriban miaka 30,000 iliyopita, zaidi ya miaka 20,000 kabla ya Çatalhöyük kuanzwa, wakati ambapo hakukuwa na shamba wala kihenge popote duniani. Kumfanya awe mama wa mavuno ni kumpa kazi ambayo haikuwapo.

Sasa suala la utawala wa wanawake. Sanamu haziwezi kulijibu, lakini mifupa inaweza kusaidia. Kemikali zilizo ndani ya mifupa ya watu wa Çatalhöyük zinaonyesha kwamba wanaume na wanawake walikula vyakula vinavyolingana. Masizi ya mekoni, yaliyoganda upande wa ndani wa mbavu zao baada ya maisha ya kuvuta moshi ndani ya nyumba zisizo na madirisha, yanapatikana kwa jinsia zote mbili. Mafuvu yaliyotolewa makaburini na kuhifadhiwa yalikuwa ya wanawake na ya wanaume. Hayo ni maisha yenye usawa mkubwa, zaidi ya jamii nyingi zilizofuata baadaye. Kisha mwaka 2025 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba vya watu 131 waliozikwa chini ya sakafu hizo, nao ulionyesha jambo zito: waliozikwa katika nyumba moja waliunganishwa zaidi kwa upande wa mama, mabinti walielekea kubaki na uhusiano na nyumba walimozaliwa huku wavulana wakihamia kwingine wakubwapo, na watoto wa kike walizikwa na vitu vingi kuliko wa kiume.

Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kwa dhati, kwa sababu ni ushahidi uliopimwa kwamba mwanamke alikuwa mhimili wa nyumba ya Çatalhöyük. Lakini wapo waliotangaza mara moja kwamba utawala wa akina mama umethibitishwa, na hapo tena wanafunzi wako watawashinda wasomi wengi wa Ulaya kwa ufahamu. Waulize juu ya Waluguru, au Wamakonde, au Wazaramo wa zamani, ambao ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi na jina la ukoo hupitia kwa mwanamke, na mume anaweza kuhamia kwa wakwe. Ila anayeamua mambo ya ukoo mara nyingi ni mjomba. Kufuata ukoo wa mama na kutawaliwa na mama ni mambo mawili, na mtoto yeyote wa Morogoro ambaye mjomba wake ndiye aliyeamua kuhusu posa ya dada yake analijua hilo bila kufundishwa.

Nimeliacha mwisho swali la vichwa. Baadhi ya majibu ni mepesi: shingo ndiyo sehemu nyembamba ya sanamu, na ikianguka ndiyo hukatika kwanza. Lakini katika sanamu kadhaa za Çatalhöyük penye shingo pana tundu safi lililotobolewa makusudi udongo ulipokuwa mbichi, la kuchomekea kichwa kwa kijiti. Kichwa kilitengenezwa peke yake na kiliweza kutolewa, labda kubadilishwa. Na watu waliotengeneza sanamu hizo ndio wale wale waliofukua makaburi ya baadhi ya wafu wao baada ya mwili kuoza, wakachukua fuvu na kuliweka. Mwaka 2004 lilifukuliwa kaburi la mwanamke aliyezikwa akiwa amelikumbatia kifuani fuvu la mtu mwingine, fuvu lililopakwa plasta ili lirudishiwe uso, na kupakwa rangi nyekundu. Kwao kichwa kilikuwa kitu kinachoweza kumwacha mwenyewe na kuendelea na maisha yake.

Kuna kisanamu kimoja cha hapo ambacho nakuomba uwaonyeshe wanafunzi kando ya yule mwanamke wa chui. Mbele ni mwanamke mwenye matiti na tumbo lililojaa, mikono yake imekaa juu ya matiti. Ukigeuza nyuma, nyama yote imetoweka: ni uti wa mgongo, mbavu, mabega ya mifupa na nyonga za maiti. Shingoni kuna tundu la kichwa ambacho hakipo. Aliyekifinyanga alijua vizuri mwili ulivyo kabla na baada ya kaburi, kwa kuwa alilala juu ya hao wafu kila usiku.

Na mwaka 2016 ilipatikana nyingine, kamili kabisa, ya marumaru, yenye urefu wa sentimita 17 na uzito wa kilo moja hivi, iliyowekwa kwa makini chini ya jukwaa pamoja na kipande cha kioo cha volkano. Kuichonga kulichukua siku nyingi na mikono yenye ujuzi, kwa hiyo hii haikuwa ya kutupwa. Wengi waliotuletea habari zake walisema ni mungu wa uzazi, lakini itazame: matiti yamelala, tumbo limeshuka, nyama za mgongo zimekunjamana. Si mwili wa mwenye mimba. Meskell na Hodder wamependekeza kwamba wanawake wa aina hii ni wazee, watu walioishi miaka mingi wakala wakashiba, wakapata hadhi katika jamii. Mimi nakubaliana nao, na naona kwamba neno letu bibi linamfaa kuliko neno mungu. Ukisharudi kwenye picha uliyoanza nayo, Mwalimu, waambie wanafunzi wafunike kichwa cha yule wa Ankara kwa kidole, maana hicho si chake, halafu wamtazame tena kuanzia mabegani kwenda chini.